Jino limenyamaza lenyewe, sasa Alhamisi naenda kutobolewa la nini?

Shikamoo Anti,

Mi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, nina miaka 31, mke na mtoto mmoja. Nakuandikia saa saba hii ya usiku maana usingizi hauji, na wala siumwi Anti, ni woga tu, yaani mwanaume mzima na ndevu zangu naogopa dokta wa meno na naona aibu kumwambia mtu.

Ilianza gego la chini kulia, la pili kutoka mwisho. Mwanzo nikinywa maji ya friji linanichoma linaacha, nikapuuza. Ikaja ikawa hata kahawa pale kijiweni nikipiga funda moja linashtuka na halinyamazi tena nusu saa nzima, nakaa nimeshika shavu wenzangu wanacheka. Mwisho ikawa usiku, nikilala tu linapiga kama ngoma, nikikaa kitako linapungua, wiki nzima nimelala kwenye kiti cha cherehani. Nikanunua diklofenaki duka la dawa, nikapewa na amoksilini na flajili, nikabana karafuu, nikasukutua maji ya chumvi, wapi. Mama mkwe akanichukua mpaka kwa mzee mmoja huko nje ya mji, akanifukiza moshi mdomoni kwa kibomba, alafu akanionyesha kwenye bakuli la maji vitu vyeupe vinaelea akasema hao ndo wadudu waliokuwa wanakutafuna. Na kweli Anti, siku ya tatu yake maumivu yakakata kabisa kama yamezimwa na swichi. Nikamshukuru yule mzee nikampelekea na kanzu.

Miezi miwili nimekaa raha mustarehe. Juzi juzi hapa nikaona kipele kwenye ufizi karibu na lile jino, nikikibonyeza na ulimi kinatoa kitu cha chumvichumvi kibaya. Mke wangu akanisukuma nikaenda kliniki. Dokta ni binti mdogo tu, mpole, akaweka pamba ya baridi kwenye jino sikusikia kitu, akapiga eksrei, akanionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi. Akasema jino limekufa ndani ila bado linaokoleka, nije nifanyiwe ruti kanali, yaani kusafishwa ndani ya mzizi na kujazwa, mara mbili au tatu hivi, alafu baadae nivalishwe kofia ya kufunika jino. Kanipangia Alhamisi saa tatu asubuhi.

Sasa Anti mimi nilipokuwa darasa la nne niling'olewa gego. Ganzi ilikuwa haijashika, nikalia, wakanishika watu wawili, mmoja kichwa mwingine miguu, na mpaka leo ule mlio wa jino likivunjika ninao hapa sikioni. Sindano nashika kutwa nzima, nishajidunga vidole mpaka vimeota sugu, lakini ikisogea mdomoni tu miguu inaisha nguvu. Pale kliniki wakati wa eksrei tu nililowa jasho mpaka binti wa watu akaniuliza kama nina homa.

Na maneno ya watu ndo usiseme. Shemeji kanitumia klipu watsapu eti jino la ruti kanali linaleta kansa. Fundi mwenzangu anasema neva ya jino imeungana na jicho, ikichokolewa unaweza kupofuka. Mama anasema ng'oa yaishe, yeye kang'oa sita na anakula nyama. Mke anasema nenda na akikuta nimerudi bila kwenda tusiongee.

Naomba uniambie ukweli, jino lisilouma linatibiwa la nini? Na ni kweli wanaingiza sindano ndani ya mzizi? Na kwanini nisiling'oe tu?

Fundi muoga, Ngamiani

---

Marahaba fundi wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeshika shavu mwenyewe, maana mie pia ninalo gego la ruti kanali, la chini hilohilo ila kushoto, na kabla ya kwenda nilikuwa nimeahirisha mara nne. Mara moja nilifika mpaka mlangoni nikasema nimesahau simu, nikarudi na bajaji ileile iliyonileta. Kwaiyo aibu iweke pembeni. Mie si dokta, ila nimekaa kwenye kile kiti, na kabla ya kukujibu nimempigia dokta wa meno ninayemwamini nikamsomea barua yako yote, na kile kipande cha kanzu akacheka sana.

Tuanze na yule mzee na moshi wake maana hapo ndo umepotezwa.

Jino halijajaa gumu mpaka katikati kama jiwe. Nje gamba, chini ya gamba kuna tabaka gumu la dentini, na katikati kabisa kuna uwazi mdogo wenye nyama laini yenye damu na neva, wenyewe wanaita kiini, na hiyo nyama inashuka mpaka ncha ya mzizi kwa vijia vyembamba. Jino likitoboka bakteria wanachimba polepole, wakikikaribia kiini kinavimba. Sasa kidole kikivimba ngozi inatanuka, lakini kiini kiko ndani ya kuta ngumu pande zote, kitatanukia wapi? Ndo ule uchungu wa kulala kwenye kiti, na ndo maana ukilala linazidi, damu inaongezeka kichwani na mgandamizo unapanda. Alafu kinachofuata, kiini kinashindwa kinakufa. Kikishakufa neva haipo, na pasipo na neva hapaumi. Fukizo lako limeangukia siku zilezile jino lilipokuwa linakata roho, mzee akapata sifa na kanzu juu. Mdudu wa kuonekana kwa macho hakai ndani ya jino fundi, wanaolila jino hata ukiwaweka kwenye bakuli la maji huwaoni.

Kwaiyo kule kunyamaza hukupona, ulifiwa. Na ndani kule uozo ukabaki, ukatokea kwenye ncha ya mzizi ukaanza kuula mfupa wa taya, kile kivuli cheusi kwenye eksrei ndo mfupa uliolika. Usaha ukajitafutia njia mpaka ukatokeza kwenye ufizi, na kwasababu unapata pa kutokea haujengi presha, ndo maana huumwi. Siku kipele kikijiziba utanitafuta usiku wa manane. Na usirudi kununua amoksilini kwa kujipimia, dawa inafika mahali kwa kubebwa na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haipiti tena, utameza sanduku zima na chanzo kiko palepale. Dokta akiona uvimbe umesambaa au homa atakuandikia yeye mwenyewe.

Haya, Alhamisi sasa. Nakueleza kama nilivyoyaona, na kwa lugha ya cherehani maana wewe ndo mtu wa kuelewa.

Kwanza ganzi. Kwa gego la chini sindano wanapiga kule nyuma ya taya, unasikia kama umefinywa, alafu nusu ya mdomo na upande wa ulimi unaanza kuwa wa mtu mwingine. Moyo unaweza kukudunda kwa dakika chache, usije ukadhani unakufa, ganzi nyingi zinachanganywa na adrenalini kidogo ili zikae muda mrefu na ndo inayodundisha. Hapo subiri. Ganzi inataka dakika zake, na mdomo usipokuwa mzito kabisa mwambie dokta bado. Yale ya darasa la nne wewe hukuwa muoga, uliumizwa, tena na watu wazima waliokuwa na haraka. Dokta wangu anasema penye usaha ganzi huwa ngumu kushika kwasababu ile sehemu inakuwa na asidi inayoidhoofisha, kwaiyo pengine ulihitaji sindano ya pili na muda, ukapewa watu wawili wa kukushika. Lakini angalia tofauti, jino lako la sasa neva yake ishakufa, pamba ya baridi hukuisikia. Wanaoteseka kwenye ganzi ni wale wanaokwenda jino likiwa linawaka moto, kama nilivyokwenda mie, nikachomwa mara tatu ndo likatulia. Wewe unaenda na maiti. Ganzi bado watakupiga kwasababu ya ufizi, na kwasababu gego huwa na vijia zaidi ya kimoja na saa nyingine kimojawapo bado kina uhai kidogo.

Kisha anatandaza kimpira chembamba mdomoni chenye tundu, jino lako peke yake ndo linachungulia, kama kifungo kwenye tundu lake. Mie kile kimpira kilinitisha mpaka nikagundua napumua vizuri tu kwa pua, na kinafanya kazi kubwa maana mate hayaingii kwenye jino na dawa haimwagiki kooni. Kama una mafua siku hiyo mpigie umwambie, kupumua kwa pua iliyoziba na mdomo umetandikwa mpira ni adhabu bure.

Anatoboa juu ya jino kwa ile mashine yenye mlio. Mlio ndo mbaya, maumivu hakuna, kwaiyo chukua spika za masikioni uweke taarabu zako ila sauti ya kiasi umsikie akikuambia fungua mdomo.

Alafu zinakuja hizo sindano ulizoniuliza. Ndio, zinaingia ndani ya mzizi, sitakudanganya. Lakini sikiliza fundi. Sindano yako ya cherehani namba 14 ina unene wa milimita 0.9, si ndio? Zile za dokta wanaziita faili, namba 15 ncha yake ni milimita 0.15. Zinapinda kama unywele wa katani. Na zina rangi kwa namba, 15 nyeupe, 20 njano, 25 nyekundu, 30 bluu, anaanza nyembamba anapanda, kama wewe unavyopanga bobini zako. Kazi yake ni kukwangua ule uozo kwenye vijia, gego la chini mara nyingi huwa na vijia vitatu kwenye mizizi miwili, na hatoboi kwenda kwenye mfupa, anapima urefu kwanza kwa eksrei au kwa kimashine kinacholia akikaribia ncha, anaweka alama kwenye faili na kiraba kidogo ili asipitilize. Wewe si unapima mara mbili ndo ukate? Ndo hivyohivyo.

Kati ya faili na faili anasafisha kwa dawa, mie niliposikia harufu nikashtuka maana ni jamii ileile ya dawa ya kung'arisha mashuka meupe, kazi yake kuua bakteria na kuyeyusha nyama iliyooza. Ikiwa jino lina usaha anaweza kuweka dawa ndani akaliziba kwa muda urudi baada ya wiki moja au mbili, ndo zile mara mbili tatu alizokuambia. Siku ya mwisho anakausha kwa vijiti vya karatasi, anajaza vijia kwa vijiti vya rangi ya waridi vinaitwa gatapacha, utomvu wa mti wa huko Malaysia na jirani zake, ndo uleule waliovishia nyaya za telegrafu, simu za maandishi zile, za chini ya bahari enzi za karne ya 19. Na ile harufu ya kliniki ya meno inayokutoa jasho unajua ni nini? Karafuu. Mafuta ya karafuu wanachanganya na unga wa zinki kuzibia jino kwa muda. Yaani unakimbia harufu ya pilau.

Sasa woga wenyewe, maana kujua ni kitu kimoja na miguu kukubali ni kitu kingine. Ukifika, kabla hujakaa, mwambie yule binti yale ya darasa la nne, kwa kifupi tu, niling'olewa bila ganzi kushika nikashikwa, tangu hapo naogopa. Mie niliyasema ya kwangu huku natetemeka na dokta akabadilika kabisa, akawa ananieleza kila anachotaka kufanya kabla hajafanya. Kubalianeni ishara, ukiinua mkono wa kushoto anasimama, na mjaribu mara moja kabla hajaanza uone kweli anasimama. Nilipoona anasimama sikuinua tena mpaka mwisho. Kula vizuri asubuhi, usiende na njaa ukaja kuzimia ukasingizia sindano. Mwambie kama una presha, sukari, pumu, dawa yoyote unayotumia au iliyowahi kukudhuru. Na mke wako mwache akusindikize, watu wa Tanga tunasindikizana hata sokoni, sembuse hapo.

Kuhusu jicho, mwambie fundi mwenzako asome kidogo. Neva za meno na za uso zinatoka shina moja kubwa ila zinagawanyika matawi, tawi la taya la chini halipiti jichoni, na anachotoa dokta kiko ndani ya jino. Na hilo la kansa lina historia yake. Kulikuwa na daktari wa meno Marekani, Weston Price, miaka ya 1920 huko, alikuwa anachukua meno ya wagonjwa anayapandikiza kwenye sungura, sungura wanaumwa, akahitimisha kwamba jino la ruti kanali linatia ugonjwa mwili mzima. Wenzake waliporudia kwa usafi na vipimo vizuri hawakupata hayo, lakini meno ya watu wengi yalishang'olewa bure. Karibu miaka 100 sasa na shemeji yako bado anaisambaza.

Mama yako simpingi kabisa. Kung'oa ni tiba, na jino likiwa limebomoka mpaka halishiki kofia, au hela haipo kabisa na usaha unakula mfupa, ng'oa, bora hivyo kuliko kulitunza jino bovu. Ila wewe dokta kakuambia linaokoleka, una miaka 31, na hilo ndo gego la kutafunia. Likitoka yale ya pembeni yanaanza kulalia pengo, la juu linashuka kutafuta mwenzake, na siku ukitaka kuweka la bandia gharama yake utakumbuka hii barua. Uliza bei yote kabla ya kuanza, ruti kanali na kofia kila kimoja na bei yake, na kama una bima uliza inagusa kipi maana vifurushi havifanani. Ikiwa pale pamekuzidi, panda hospitali ya Bombo ukaulize kitengo cha meno wanafanya nini na kwa kiasi gani, kuuliza hakuna risiti.

Kofia usiiache. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanamaliza ruti kanali, jino haliumi, wanasema kofia mwezi ujao, mwezi ujao, alafu siku moja mfupa wa samaki au kashata tu, jino linapasuka katikati mpaka mzizini na hapo halina tena dawa. Gego lililotobolewa na kukwanguliwa ni dhaifu, linataka kuvishwa. Na ile ziba ya muda ni ya muda kweli, ikidondoka rudi, usizibe na ubani.

Baada ya kila siku ya kazi tegemea kuuma ukitafuna kwa siku mbili tatu, tena pengine ndo utasikia jino lililokuwa kimya limeanza, usipaniki ukadhani limeharibiwa, ni pale kwenye ncha pamechokozwa. Paracetamol au ibuprofeni inatosha kwa wengi, ila muulize dokta ipi inakufaa, hasa kama una vidonda vya tumbo, na hilo diklofenaki ulilokuwa unameza kama karanga acha kabisa. Lakini nikuambie kitu kimoja nisichotaka ukichukulie masihara, iwe kabla ya Alhamisi au baada, ukiona uvimbe unashuka chini ya kidevu au shingoni, mdomo haufunguki, kumeza kunakuwa kazi, pumzi nzito au homa kali, usisubiri apointimenti wala kunipigia mie, chukua bodaboda nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, usiku au mchana, maana uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa.

Jino langu mie lina miaka tisa sasa na mihogo ya kuchoma linaila, mikavu ile ya jioni.

Kitu cha mwisho, najua mafundi mlivyo. Ganzi ya chini inakaa masaa mawili mpaka manne, na mdomo ukiwa na ganzi hujui unachouma, usile wala usinywe cha moto mpaka iishe. Na zile pini mnazobana kwenye midomo mkiwa mnapima, Alhamisi mchana usithubutu, utaimeza moja hutajua. Kama una nguo ya mtu ya Ijumaa imalize Jumatano.